Picha kama Ushahidi: Mwongozo wa Mradi wa Upigaji Picha kwa Wanafunzi, kwa Mfano wa Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa sekondari au kiongozi wa klabu ya picha anayetaka wanafunzi wake watoke na simu mkononi na warudi na picha ambazo mtu asiyekuwepo anaweza kuziamini. Mfano ninaoutumia ni kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuufanya mradi mzima kwa miguu, na kwa kuwa mji wenyewe umepigwa picha tangu karne ya 19, hivyo kuna cha kulinganisha. Anayefundisha Mombasa, Lamu au Bagamoyo atabadilisha mahali na kuacha hatua kama zilivyo. Kila kundi liwe na wanafunzi wanne, na mradi upewe wiki nane. Muda ukibanwa zaidi ya hapo, kazi zitakazoachwa kwanza ni kuandika na kuhakiki, na bila hizo mradi hubaki kuwa albamu ya matembezi.

Hatua ya kwanza: swali ambalo picha inaweza kulijibu

Wanafunzi wakiambiwa tu wakapige picha za Mji Mkongwe, hurudi na milango ya nakshi, paka waliolala barazani na machweo ya Forodhani, ukingo wa bahari wa mji huo. Picha hizo hupendeza, lakini hazijibu lolote kwa sababu hakuna lililoulizwa. Kabla ya kamera kufunguliwa, kila kundi liandike swali moja ambalo sehemu ya jibu lake inaonekana kwa macho. Kwa mfano: je, katika kichochoro hiki cha Kiponda, kuta zilizopigwa lipu ya saruji zimebanduka zaidi kuliko zile zilizopigwa lipu ya chokaa?

Swali hilo linafaa kwa sababu lina mahali, lina vitu viwili vya kulinganisha, na lina maana kwa wanaoishi hapo. Nyumba za kale za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wahifadhi wa majengo hueleza kwamba saruji, ambayo ni ngumu na haipitishi hewa kama chokaa, huufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta mpaka lipu inapovimba na kuanguka. Wanafunzi wasilichukue elezo hilo kama jibu lililokwisha kupatikana. Walichukue kama dai wanalokwenda kulipima katika kichochoro kimoja.

Mwalimu aulize kila kundi: mkikuta nini, mtakubali kuwa mlikosea? Kundi lisiloweza kujibu bado halina swali, lina maoni tu, na ni vyema likae darasani siku moja zaidi. Vilevile lielezwe mapema kwamba picha inaweza kuonyesha lipu iliyobanduka, lakini haiwezi peke yake kuonyesha kilichoibandua. Huenda ni saruji, huenda ni bomba linalovuja juu ya dari, huenda ni masika ya miaka mitatu mfululizo bila ukarabati. Hayo yatatoka kwa fundi na kwa mwenye nyumba.

Hatua ya pili: kuyafunza macho kwa picha za zamani

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ningemshauri mwalimu aipe vipindi viwili kamili. Tafuta picha tano au sita za Forodhani zilizopigwa nyakati mbalimbali, uondoe maelezo yake yote, kisha uwaulize wanafunzi kila picha ni ya lini. Mwanzoni watakisia kwa rangi, wakidhani kwamba kila picha iliyofifia ni ya kale zaidi. Waelekeze waangalie mnara wa saa.

Jumba la Maajabu, jumba kubwa linaloelekea bahari hapo Forodhani, lilijengwa mwaka 1883 katika zama za Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Katika picha za miaka yake ya mwanzo, mnara unaonekana umesimama peke yake mbele ya majumba ya kifalme, upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilishambulia majumba hayo kwa muda usiozidi saa moja, na mnara huo ukaharibiwa. Katika ujenzi uliofuata, mwaka 1897, mnara wa saa uliunganishwa na uso wa Jumba la Maajabu, na hapo ulikaa hadi tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo sehemu kubwa ya mbele ya jumba iliporomoka pamoja na mnara huo na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa hiyo mwanafunzi anayejua mambo matatu hayo anaweza kuichukua picha isiyo na maandishi na kusema: hii ni ya kabla ya shambulio la 1896, hii ni ya kati ya 1897 na 2020, hii ni ya baada ya hapo. Akiongeza kwamba bustani ya Forodhani ilitengenezwa katika miaka ya 1930, ataweza kulikata fungu la kati katika sehemu mbili.

Angalia walichojifunza hapo. Mnara haukutoa tarehe; umetoa mipaka. Mwanafunzi anayeandika kwamba picha ilipigwa mwaka 1910 wakati alicho nacho ni mnara tu, amesema zaidi ya anachokijua, na mwalimu asimpe alama kwa kubahatisha hata kama amepatia. Ni vivyo hivyo kwa postikadi za zamani, ambazo ni nyingi kwa Zanzibar: muhuri wa posta huonyesha siku kadi ilipotumwa, ilhali picha yenyewe huenda ilipigwa miaka mingi kabla na ikaendelea kuchapwa na kuuzwa.

Baada ya zoezi hilo, kila mwanafunzi achore safu tatu katika daftari lake: ninachokiona, ninachokidhania, na nitakayemwuliza. Atazitumia safu hizo mpaka siku ya mwisho ya mradi.

Hatua ya tatu: ruhusa

Kazi ya mtaani ianze kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali katika mtaa. Mwalimu aende na barua ya shule inayotaja mtaa, siku, saa na majina ya wanafunzi, kwa sababu kundi la vijana wanaopiga picha kuta za nyumba za watu bila taarifa litatiliwa shaka, na wenye nyumba watakuwa na haki ya kushuku. Wazazi wa wanafunzi nao watie saini.

Ukuta wa nje unaonekana na kila apitaye, lakini nyuma yake kuna watu. Wanafunzi wapige hodi, wasubiri, na msemaji wa kundi aanze kwa salamu kama anavyoamkia nyumbani kwao: "Shikamoo bibi, sisi ni wanafunzi, tunajifunza habari za kuta za mtaa huu, tunaomba ruhusa ya kupiga picha ukuta wako wa nje." Bibi akikataa, wanafunzi washukuru na kuondoka, kisha daftari liandikwe kwamba nyumba hiyo haikupigwa. Maandishi hayo ni muhimu, kwa maana msomaji anapaswa kujua nyumba ngapi hazimo katika hesabu.

Watoto wasipigwe picha bila idhini ya wazazi wao, na mtu aliyepita kwa bahati mbaya mbele ya kamera apewe nafasi ya kukataa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni vizuri wanafunzi wajue kwamba sura ya mtu, ikiambatana na mahali anapoishi, ni taarifa yake. Hata hivyo, ningependa zaidi walijue hilo kama adabu kabla ya kulijua kama sheria.

Hatua ya nne: vifaa na saa

Simu moja kwa kundi inatosha, pamoja na rula ya sentimita 30, daftari gumu, kalamu mbili na kitambaa laini cha kufutia lenzi. Mmoja awe mpigapicha, wa pili mwandishi, wa tatu mpimaji, wa nne msemaji. Wabadilishane kila wiki.

Jambo moja dogo limewahi kuniharibia kazi ya wiki nzima, nami nalisisitiza. Simu huandika ndani ya faili kwamba picha ilipigwa 08:15. Mwanafunzi huandika katika daftari saa 2:15. Mwezi mmoja baadaye anatokea msomaji anayedhani kwamba hizo ni nyakati mbili tofauti. Amueni kanuni moja tangu siku ya kwanza. Mimi hutaka daftari liandike saa ya Kiswahili pamoja na kipindi cha siku, yaani saa 2:15 asubuhi, na kando yake tarakimu za simu kama zilivyo. Mpigapicha ahakikishe kuwa simu inajiwekea saa yenyewe kutoka kwenye mtandao, na azime vichujio vya kurembesha pamoja na zana za akili mnemba zinazofuta au kujaza sehemu za picha. Ukuta uliolainishwa na simu hauwezi tena kuulizwa kama umepasuka.

Hatua ya tano: kupiga picha

Kila ukuta upigwe picha tatu kwa mfuatano usiobadilika. Ya kwanza ni ya mbali, inayoonyesha nyumba nzima na kitu kinachoitambulisha, kama kona, mlango au kibao cha duka. Ya pili ni ya kati, inayoonyesha sehemu ya ukuta inayozungumziwa ikiwa na dirisha au ukingo unaoonekana pia katika picha ya kwanza. Ya tatu ni ya karibu, yenye ufa au lipu iliyobanduka, na rula imewekwa sambamba na ukuta. Picha ya karibu bila zile mbili za mwanzo haina kwao. Hakuna awezaye kusema ni ya ukuta gani. Wapigapicha wa polisi hufuata mpangilio kama huo katika eneo la tukio, na kipimo katika picha ni desturi iliyosisitizwa tangu siku za Alphonse Bertillon, aliyeshughulikia utambuzi wa wahalifu katika polisi ya Paris mwishoni mwa karne ya 19. Pigeni kila picha ya karibu mara mbili, mara moja na rula na mara moja bila rula, ili isije ikadaiwa kwamba rula imeficha kitu.

Mwanga wa Mji Mkongwe una tabia yake. Vichochoro ni vyembamba, na katika vingi jua hufika chini kwa muda mfupi tu karibu na adhuhuri, likiacha ukuta nusu mweupe na nusu mweusi. Ni afadhali kupiga asubuhi, kati ya saa 1 na saa 3, kivuli kikiwa kimeenea sawasawa, na kurudi saa zilezile kila siku ili kuta zilinganishwe katika mwanga mmoja. Flashi isitumike, kwa kuwa huusawazisha ukuta na kuficha mabonde na mavimbe. Kundi lililochagua pwani, tuseme ukuta wa bahari wa Shangani, liandike pia hali ya maji: yamejaa au yamekupwa, ni bamvua au maji mafu. Bila hivyo picha mbili za siku moja zitaonekana kama za fukwe mbili.

Kisha kuna kishawishi cha kusogeza vitu. Kuna ndoo mbele ya ufa. Kipande cha lipu kimeanguka mbali kidogo na ukuta, na picha ingependeza zaidi kama kingekuwa karibu. Hapa wasomee wanafunzi kisa cha Roger Fenton, Mwingereza aliyekwenda na kamera katika vita vya Krimea mwaka 1855. Alipiga bonde moja mara mbili, kamera ikiwa mahali palepale. Katika picha moja, barabara imejaa risasi za mizinga, yaani matufe ya chuma. Katika nyingine, barabara ni tupu na matufe hayo yamo mtaroni na kandokando. Kwa muda mrefu watu walibishana ipi ilitangulia, kwa sababu ikiwa ile tupu ndiyo ya kwanza, basi huenda matufe yalisogezwa na mtu ili picha itishe zaidi. Errol Morris, mtengeneza filamu wa Marekani, alilifuatilia suala hilo kwa subira kubwa hadi akakubali kuwa barabara tupu ndiyo iliyotangulia, na kilichoamua ni vijiwe vidogo kandoni ambavyo hakuna aliyevitilia maanani: katika picha yenye matufe barabarani, vijiwe hivyo viko chini zaidi kwenye mteremko, na mawe hayapandi mlima yenyewe.

Kanuni ninayoifuata baada ya kisa hicho ni nyepesi. Pigeni kwanza kama mlivyokuta. Ikiwa lazima ndoo iondolewe ili ufa uonekane, pigeni tena baada ya kuiondoa, na mwandishi aandike nani aliiondoa na saa ngapi. Picha zote mbili zihifadhiwe.

Hatua ya sita: kuhifadhi faili asilia

Jioni ya siku ileile, picha zote ziingizwe katika kompyuta ya shule kwa waya, zikiwa na zile zilizotikisika. Zisipelekwe kama picha za kawaida kwa WhatsApp, kwa kuwa programu hiyo huzibana na kuziondolea taarifa za saa na mahali. Kama hakuna njia nyingine, zitumwe kama hati. Nakala ya pili iwekwe katika diski inayokaa kwa mwalimu. Jina la kila faili lianze na mwaka, mwezi na siku, lifuatiwe na mtaa, namba ya ukuta na namba ya picha. Uhariri wowote, hata wa kuongeza mwanga, ufanywe katika nakala. Kukata kingo ni uhariri mzito kuliko wanafunzi wanavyofikiri, kwani huamua nini kimebaki nje, na daftari liseme kilichokatwa.

Hatua ya saba: maelezo ya picha

Mwaka 1904, huko Baringa katika Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mmishonari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aitwaye Nsala. Ameketi ukumbini, mgongo umeinama kidogo, anatazama vitu viwili vidogo vilivyo sakafuni mbele yake. Mtazamaji asiyeelezwa anaweza kupita bila kuelewa. Vitu hivyo ni mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni iliyovuna utomvu wa mpira. Picha hiyo na nyingine zake zilionyeshwa katika mikutano ya hadhara Uingereza na Marekani, zikiambatana na maelezo ya mashahidi, na zikawa sehemu ya shinikizo lililoishia mwaka 1908 kwa Ubelgiji kumnyang'anya Leopold Kongo. Mwalimu aitumie kwa wanafunzi wakubwa tu, na kwa heshima ya msiba. Ninaitaja kwa sababu sijui mfano ulio wazi zaidi wa picha iliyohitaji maneno ili ushahidi wake usikike: jina la baba, jina la mahali, lililotokea, na nani aliyesema.

Maelezo ya wanafunzi yajibu maswali machache tu: ni nini kinaonekana, wapi, lini, nani alipiga, na nani alisema yale yasiyoonekana. Sentensi ya kinachoonekana itengwe na sentensi ya kilichosemwa. Mfano: "Ukuta wa kaskazini wa nyumba ya tatu kutoka kona, Kiponda. Lipu imebanduka kwa upana wa sentimita 46 na mawe ya matumbawe yanaonekana. Mwenye nyumba anasema lipu hiyo ni ya saruji na ilipigwa kabla ya masika yaliyopita." Maneno kama "wamepuuza" au "inasikitisha" yaondolewe, kwa kuwa hakuna lenzi inayopiga picha ya kupuuza. Vipimo vichukuliwe papo hapo. Lewis Hine, aliyepiga picha za watoto waliotumikishwa viwandani Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, alijua kila kifungo cha koti lake kiko juu kiasi gani kutoka ardhini, hivyo aliweza kukadiria kimo cha mtoto akiwa amesimama naye tu, kisha akaandika. Alijua kwamba wenye viwanda wangempinga, na picha isiyo na umri wala kimo isingesimama mbele yao.

Hatua ya nane: kuchagua na kupanga simulizi

Kufikia hapa kundi litakuwa na picha mia mbili au zaidi. Zichapwe ndogo kwa karatasi ya kawaida, zitandazwe juu ya meza, na kila mmoja achague kumi na mbili kimyakimya kabla ya majadiliano kuanza. Zinazochaguliwa na wote zinabaki. Zinazobishaniwa zinatetewa kwa mdomo.

Simulizi inaweza kufuata njia ya mtembezi, kutoka mwanzo wa kichochoro hadi mwisho wake. Inaweza pia kufuata umri wa kuta, au kuziweka kuta za chokaa upande mmoja na za saruji upande mwingine. Mimi hupendelea njia ya mtembezi, kwa sababu haimwongozi mtazamaji kwenye jibu kabla hajaona. Lakini vyovyote watakavyopanga, mwalimu asimamie sharti moja bila kulegeza: picha inayopingana na wanachoelekea kukiamini lazima iwemo. Kama kuna ukuta wa saruji uliosimama imara miaka mingi, au wa chokaa uliooza, utundikwe kwa ukubwa uleule na urefu uleule wa macho. Nimeona makundi mazuri yakiificha picha hiyo kwa sababu inaharibu mtiririko. Ikishafichwa, nyingine kumi na moja hazina tena haki ya kuaminiwa, na kazi ya wiki nane inakuwa tangazo.

Wasilazimishwe kupata hitimisho. Kundi linaloandika "katika kuta 19 tulizozipiga, hatukuona tofauti ya wazi" limefanya kazi kamili na lipewe alama kamili.

Hatua ya tisa: maonyesho mbele ya wenye mtaa

Maonyesho yasifanyiwe shuleni peke yake. Ombeni baraza, ua wa madrasa au ukumbi wa shehia, na mtundike picha hizo karibu na kuta zenyewe kwa siku moja. Chini ya kila picha iachwe nafasi tupu na kalamu ifungwe kwa uzi, ili fundi mwashi, mwenye nyumba au mzee aliyezaliwa hapo aandike anachokijua. Kutatokea masahihisho: huu haukuwa ukuta wa saruji, ulichanganywa, nyumba hii ilikuwa na dirisha hapa, likazibwa. Wanafunzi wasibishe siku hiyo. Waandike jina la anayesema kama ameridhia, kisha warudi kwenye faili asilia na daftari waone ni lipi linaloweza kuthibitishwa kwa macho na lipi litabaki kuwa kauli ya msemaji.

Katika kutoa alama, ningegawa nusu kwa daftari na maelezo, robo kwa picha, na robo kwa jinsi kundi lilivyoyapokea masahihisho. Baada ya hapo maelezo yaandikwe upya, tarehe ya marekebisho ikitajwa. Kila mwenye nyumba apelekewe picha ya ukuta wake iliyochapwa vizuri, ikiwa na tarehe nyuma yake kwa wino usiofutika. Nakala kamili ya faili na daftari iwekwe katika maktaba ya shule, na mahali ambapo kamera ilisimama kwa kila ukuta pachorwe katika ramani ndogo yenye hatua zilizohesabiwa kutoka kona ya karibu, ili kundi la mwakani lisimame palepale na kupiga tena.